Mwalimu wa Kwaya Aliyetunyamazisha

Mwalimu wetu wa kwaya pale Iyunga, Mbeya, alikuwa mtu wa kelele kuliko wote niliowahi kuwafahamu, na ndiye aliyenifundisha kunyamaza. Kila ninapoanza kumweleza mtu habari zake najikuta nimesimama na mikono iko juu, maana mama yule hasimuliki umekaa. Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi. Kichwani alifunga kilemba cha kitenge kisichofanana kamwe na gauni, miguuni alivaa buti za mpira tangu mvua za kwanza mpaka za mwisho, na juu ya vyote hivyo sweta la kijani lililolegea mifuko kwa kubeba viazi. Akicheka ndani ya kanisa, waliopita barabarani waligeuka. Akikusalimia kutoka ng'ambo ya mtaro, mtaa mzima ulijua umeamkaje.

Tulimwita Mwalimu tu. Hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alilima viazi na maharage mlimani, na jioni mbili za kila wiki alishuka na matope yake kuja kutufundisha kuimba.

Siku ya kwanza nilipokwenda mazoezini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina sauti nzuri na najua kwamba ninayo. Nilitegemea anipime ili wenzangu wanisikie. Badala yake akafunga mlango wa kanisa, akatukalisha kwenye mabenchi, akasema, "Haya, tumsikilize kwanza."

Tukainamisha vichwa. Nikasubiri aanze kuomba. Hakuanza. Nikafungua jicho moja nikamwona amekaa mbele kabisa, viganja wazi magotini, mdomo umefungwa. Muda ukapita. Mtu akakohoa. Lori la kwenda Tunduma likanguruma barabarani mpaka likaisha. Kuku akaingia kwa mlango wa nyuma, akatembea katikati ya mabenchi kama mzee wa kanisa anayehesabu waumini, akatoka. Moyoni nikasema, jamani, hawa watu wana nini?

Halafu Mwalimu akafumbua macho. "Mmesikia nini?"

"Lori," akasema kaka mmoja wa besi.

"Vizuri. Na wewe?"

"Kuku."

"Vizuri sana. Na wewe mgeni?"

Nilifikiria kusema kitu cha kiroho. Nikashindwa. "Sijasikia kitu, Mwalimu."

"Ahaa!" Akaruka juu, buti zikapiga sakafu. "Huyu mkweli! Wengi wakija hapa siku ya kwanza wananiambia wamesikia malaika. Karibu, mwanangu. Kaa sauti ya kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Na hivyo ndivyo kila zoezi lilivyoanza, miaka yote niliyoimba chini yake. Kwanza kimya, kisha wimbo. Wageni walidhani ni adhabu. Kwaya nyingine zilitucheka, zikatuita kwaya ya mabubu, naye akalipenda jina hilo kiasi kwamba akawa analitumia mwenyewe: "Mabubu wangu, Jumapili msichelewe!"

Alikuwa na namna yake ya kueleza kwa nini. Hakupenda maneno makubwa. "Mtu amekupigia simu," alisema. "Ameeleza shida zake zote, mgonjwa, shamba, mtihani wa mtoto. Amemaliza, amekata. Wewe ulikuwa na jambo la kumwambia, jambo zuri kabisa, lakini amekata. Kesho anapiga tena. Anasema, mbona huniambii kitu? Sasa wewe ungekuwa Mungu ungefanyaje?"

"Ningempigia mimi," akajibu Tumaini, rafiki yangu wa sauti ya pili, ambaye hakukosa jibu.

"Na yeye anakupigia! Lakini simu yako inatumika, mwanangu. Muda wote inatumika!"

Jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe kunyamaza kulimtesa. Nje ya zile dakika za mwanzo hakuweza kabisa. Alizungumza na viazi akivichimba. Alimsimulia Mungu habari za mpira, kwa sauti, akiwa na redio ndogo kiunoni, na timu yake ikifungwa alimuuliza kwa nini ameruhusu. Jumamosi moja nilimkuta shambani amesimama na jembe begani anafoka peke yake kuelekea mawinguni: "Beki yule! Beki yule, Baba, hata wewe umemwona!" Nilipomuuliza kama hayo nayo ni maombi akasema kwa uzito, "Kwani nikiwa na hasira nimwendee nani?"

Kwa hiyo nilijifunza mapema kwamba kimya chake hakikuwa cha mtu aliyezaliwa mtulivu. Alikitafuta kama mtu anayetafuta moto nyumba ya jirani, na akikipata alikirudisha kwetu mbio mbio kabla hakijazimika.

*

Nyimbo zilimjia popote. Ungekuwa unamweleza msiba, au bei ya mbolea, ghafla anakuinulia mkono: "Ngoja!" Macho yanaangalia pembeni. Midomo inaanza kucheza. Kama ni jikoni, maharage yanaungua. Kama ni njiani, anasimama katikati ya njia na bodaboda zinamzunguka. Halafu anaachia mstari mmoja, mwembamba, wa ajabu, na anakutazama kama mtoto aliyeokota yai: "Umeusikia? Umeusikia huo?"

Hakuuchukua hivi hivi lakini. Aliubeba. Aliuimba kwa pumzi tu akilima, akifua, akienda sokoni, na ukimtoka kichwani hakuutafuta. "Kama ni wake ataurudisha," alisema. "Kama ni wangu, acha upotee, nina mengine mengi ya kijinga." Mistari mingi ilipotea hivyo. Mimi nilikuwa naumia! Mingine ilikuwa mizuri mno. Nilimwambia aiandike, akakataa. Nikamwambia airekodi kwenye simu, akasema simu ni ya kupigia watu.

Mpaka binti yake alipomtumia simu mpya kutoka Mafinga, na Tumaini akamwonyesha mahali pa kubonyeza ili sauti iende. Mungu wangu! Kuanzia siku hiyo hatukulala. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia kwenye kundi la kwaya: Mwalimu anaimba, nyuma yake jogoo, nyuma ya jogoo mvua inapiga bati. "Mabubu wangu, sikilizeni hii, besi mkae chini kabisa, chini, kama mnatoa jiwe mtoni." Kabla hujaamka vizuri imekuja nyingine: "Ile futeni, si yenyewe." Na nyingine: "Rudisheni, ni yenyewe!" Yule aliyesema simu ni ya kupigia watu ndiye aliyejaza simu zetu mpaka zikakataa picha. Tulipomkumbusha alicheka hadi akakaa chini. "Nilikosea," akasema. "Mbona ni jambo dogo?"

Kukosea kwake kulikuwa kwa wazi namna hiyo, na hapo ndipo hasa nilipompenda. Kuna mara moja alikosea mbele ya kanisa lote.

Tulikuwa tumealikwa kwenye mashindano ya kwaya Iringa mjini. Mazoezi ya mwisho, baada ya kimya, Mwalimu alisimama na uso unawaka. "Bwana ameniambia," akasema. "Kikombe ni chetu." Basi tuliondoka Mbeya tunaimba, tukapita Makambako tunaimba, tukafika Iringa sauti zimekauka. Tukasimama jukwaani. Sauti ya tatu wakaingia mapema, besi wakachelewa, mimi nikakosa pumzi kwenye mstari niliouringia mwezi mzima. Matokeo yaliposomwa, jina letu lilikuja mwisho mwisho kiasi kwamba watu walikuwa wameshaanza kusimama waondoke.

Tulirudi bila kuimba. Kila mtu alikuwa na swali lile lile, hakuna aliyethubutu kulitoa. Kama Bwana alisema, mbona haikuwa? Na kama hakusema, basi zile jioni zote, vile viganja vilivyofunguliwa magotini, vilikuwa nini?

Jumapili yake, wakati wa matangazo, Mwalimu aliomba nafasi. Alipanda mbele bila buti, amevaa viatu vya ngozi ambavyo sikuwahi kuviona.

"Nilisema Bwana amesema," akaanza. "Bwana hakusema. Nilikaa kimya, nikakitaka kikombe. Nikakitaka sana. Kutaka kwangu kukapiga kelele, nami nikakuita kutaka kwangu sauti ya Mungu. Naomba mnisamehe."

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mkali, mwenye kauli ya kukata, akanyanyuka. "Sasa mama, siku nyingine ukituambia umesikia, tutakuaminije?"

"Msiniamini haraka, baba," akajibu. "Pimeni. Tazameni kama lina upendo ndani yake, kama linafanana na Neno, kama linaweza kusubiri mpaka kesho. Hili langu halikuweza kusubiri. Hapo ndipo ningejua."

Yule mzee akaketi. Halafu akasema kutoka pale alipoketi, "Basi mimi nakuamini zaidi ya jana." Watu wakacheka, Mwalimu naye akacheka, ule mcheko wake wa kugeuza wapita njia, na mimi nikahisi kitu kinafunguka kifuani. Nilikuwa nimeona watu wengi wakisema wamemsikia Mungu. Sikuwahi kuona mtu akisema hakumsikia.

*

Pengine ndiyo sababu hakuwa na huruma kwa wale waliolitumia jina la Mungu kupata wanachotaka. Kulikuwa na kaka mmoja wa besi, mtanashati, mwenye sala ndefu. Jioni moja alimwita Tumaini pembeni akamwambia, "Dada, nimeomba, nimefunga, Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu." Tumaini alikuja kwangu mbio. Hakumpenda yule kaka hata kidogo. Lakini alimwogopa Mungu.

"Nikimkataa si nitakuwa nimemkataa Mungu?" aliniuliza.

Tukaenda kwa Mwalimu. Alikuwa anamenya viazi. Akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, jambo ambalo lenyewe lilitutisha. Kisha akaweka kisu chini akatuma aitwe yule kaka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia Mungu amekuonyesha mke."

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa ndoto. Mara tatu."

"Vizuri. Na Tumaini amemwonyesha nini?"

Kaka akaangalia maganda ya viazi.

"Huyu binti anaomba au haombi?"

"Anaomba."

"Mungu anamjua jina?"

"Anamjua."

"Basi mwache amwambie mwenyewe. Habari ya ndoa kubwa hivi, ampitishie wewe wa besi, huyu wa sauti ya pili amruke? Ana ugomvi naye gani?" Akachukua kisu, akarudi kwenye viazi. "Nenda mwanangu. Ukimpenda mtu mwambie nakupenda. Ni maneno mazuri tu, hayahitaji kusindikizwa na radi."

Kaka akaondoka ameinama. Tumaini alilia, halafu akacheka, halafu akamenya viazi vyote vilivyobaki. Ninafurahi kusema kaka yule alikuja kujifunza: miaka michache baadaye alimwambia dada mwingine nakupenda, kwa maneno hayo hayo, na tuliwaimbia harusi yao sisi wenyewe.

*

Nikiulizwa ni lini nilimwona akisikia kweli kweli, mahali pasipo na shaka, ninakumbuka nyumba ya Mama Upendo.

Mama Upendo alikuwa jirani yetu, muuza maparachichi, mtu wa utani. Alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto akaishi siku chache, akafa. Baada ya mazishi Mama Upendo alinyamaza. Hakulia, hakujibu salamu, hakugusa chakula ila kwa kulishwa. Watu wa maombi wakaja, wema kabisa, wakaomba kwa nguvu, wakaimba, wakakemea. Yeye akageukia ukuta. Mume wake alisimama mlangoni na kofia mkononi, hajui amshukuru nani au amfukuze nani.

Mwalimu alinichukua tukaenda. Njiani nilimuuliza, "Tutaimba wimbo gani?"

"Sijui."

"Utaomba nini?"

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana naenda."

Tulipofika aliwashukuru waliokuwepo, akawaomba kwa adabu watoke kidogo wakapate chai. Akavua buti mlangoni. Akakaa chini, sakafuni, mgongo wake ukaegemea kitanda alichokuwa amelala Mama Upendo. Hakumshika mkono. Hakusema. Mimi nikakaa karibu na dirisha nikimtazama, maana nilimjua: mtu yule hawezi kukaa bila kuongea hata muda wa kuchemsha chai, na sasa amekaa. Amekaa. Chai ya nje ikanyweka, watu wakaondoka mmoja mmoja, jua likahama kutoka ukutani kwenda mlangoni.

Ndipo tukasikia. Mama Upendo, bado amegeukia ukuta, alikuwa anatoa sauti ndogo puani. Nilidhani ni kilio. Haikuwa kilio. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, wa Kinyakyusa, ambao mama zetu wote walituimbia, lakini ameubadilisha, ameushusha pale ambapo huwa unapanda. Aliurudia. Mwalimu hakugeuka. Akangoja mara ya tatu, halafu chini kabisa, chini ya sauti yake, akaingia. Wawili hao wakaimba bila maneno, mgongo kwa mgongo, na mimi dirishani nilikuwa nimejaza kanga yangu machozi.

Walipoishia, Mama Upendo akageuka. "Mwalimu," akasema, sauti imekwaruza kwa kutotumika. "Nilimwimbia siku zake zote. Sasa nimwimbie nani?"

"Mwimbie yeye yule," akasema Mwalimu. "Amebadilisha mikono tu."

Mama Upendo akajiinua kwa kiwiko. "Mikono ya nani?"

"Ya Kyala," akasema, akimtaja Mungu kwa Kinyakyusa.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa nguvu, kilio cha mtu mzima, na mume wake akaingia akamkumbatia, na Mwalimu akanivuta tukatoka nje tukavaa viatu.

Njiani nilikuwa siwezi kutulia. "Mwalimu, ule wimbo! Tuufundishe kwaya!"

"Si wetu," akasema. "Mwenyewe akitaka atatupa."

Na alitupa. Ilichukua muda, mvua zikaja zikaisha, lakini jioni moja Mama Upendo aliingia mazoezini, akakaa kimya pamoja nasi, kisha akasimama akauimba. Mwalimu hakugusa kitu. Aliweka besi chini yake tu, kama godoro. Jumapili tuliyouimba, Mama Upendo aliongoza. Nilimwona mchungaji anajifuta. Niliona wamama wakinyanyuka mmoja baada ya mwingine, wale niliokuwa sijui kabisa kwamba nao waliwahi kuzika watoto, wakaja mbele wakasimama kumzunguka. Na mwisho, ndugu zangu, mwisho bibi mmoja akapiga kigelegele! Kwenye wimbo wa msiba! Na kanisa lote likamwitikia, na Mwalimu akarukaruka pale mbele na viatu vyake vya ngozi mpaka kisigino kimoja kikang'oka. "Ndaga fijo!" alikuwa anapaza sauti, asante sana, asante sana, na hakuwa anamwambia mtu yeyote kati yetu.

*

Mimi nilianza kutunga chini ya macho yake, na hakunirahisishia. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na vina vizuri, kila mstari umefungwa kama mkeka. Nikamwimbia. Akasikiliza, kichwa upande.

"Umesikia, au umefikiri?" akauliza.

Nikakasirika. Niliushughulikia ule wimbo kwa wiki nyingi. "Mwalimu, kwani akili yangu nani kanipa? Mungu hawezi kuongea nami nikiwa nafikiri?"

Nilitegemea anikemee. Akapiga paja lake kofi. "Hilo ni jibu! Sikuwahi kulifikiria hilo!" Akazunguka jikoni mwake kama amepata habari ya ndugu aliyepotea. "Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri kwa kusikiliza. Eh! Haya, rudia, rudia, nami nisikilize unavyofikiri."

Tukaufanyia kazi wimbo ule mpaka maharage yakaungua. Aliondoa vina viwili, akaniachia vingine vyote. Tangu hapo aliwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha jambo hilo, na aliwaambia kwa sauti kubwa, sokoni.

Kisha maisha yakanichukua. Nilihamia Iringa kwa kazi, nikapewa kwaya ya kufundisha, nyimbo zangu zikaanza kuimbwa na makanisa nisiyoyajua. Watu wakanisimamisha njiani. Na polepole, bila mimi kuona, kila nilipokaa kutunga nilianza kusikia makofi kabla ya wimbo. Niliandika kuelekea yale makofi. Kisha hata hayo yakaacha kuja. Mwaka mzima ukapita bila mstari hata mmoja ambao ningeutetea. Wanakwaya wangu wakauliza kwa upole, na mimi nikatoa visingizio kwa upole.

Mwaka jana nikasikia Mwalimu amehamia Mafinga kwa binti yake, magoti yamemchosha na mlima umemshinda. Nikaomba ruhusa nikaenda.

Mafinga ilikuwa na baridi yake ile ya kuuma masikio na harufu ya mbao mbichi kila mahali. Binti yake alinipokea kwa "Kamwene" na kucheka: "Pita nyuma, dada. Lakini jihadhari, usikanyage chochote."

Nilimkuta kibarazani nyuma ya karakana ya mkwe wake, fundi seremala. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee aliyechoka. Nikamwona mtu amepakaa rangi mpaka kwenye nyusi! Chini vimemzunguka vipande vya mbao za misonobari, mabaki ya milango, na kila kipande kimechorwa kwa rangi za mafuta za kupakia madirisha: bluu, nyekundu, kijani.

"Mwanangu weee!" akapiga kelele, ndege wakaruka kutoka mabatini. "Nimeanza kuchora! Njoo uone!"

Nikapiga magoti, nikamsalimia, nikatazama. Na lazima niseme ukweli: alichora vibaya. Alichora vibaya sana. Miti ilikuwa ya zambarau, watu hawana shingo.

"Mwalimu," nikasema, "huyu ng'ombe ana miguu mitano."

"Huo wa tano ni mkia!"

Tukacheka mpaka binti yake akaja kuangalia kuna nini, akatikisa kichwa akarudi jikoni.

"Na nyimbo?" nikamuuliza baada ya kupumua.

"Zimeondoka," akasema, bila huzuni hata chembe. "Kama wageni. Wamekaa, wamekula, wameaga. Nilipofika hapa nikamwambia Bwana, sasa mimi na wewe tutaongea nini? Nikakaa, nikanyamaza, siku nyingi, hakuna kitu. Halafu asubuhi moja ukungu umekaa pale juu ya misonobari, nikasikia neno moja: tazama." Akanielekezea kwa brashi. "Neno moja tu, mwanangu! Miaka yote hii nasikiliza, sijatazama! Mimi ni mwanafunzi wa darasa la kwanza!" Macho yake yaling'aa. "Unajua raha ya kutokujua kitu?"

Nikasema nilikuwa nimeisahau. Nikamweleza yote, kukauka kwangu, makofi, mwaka mzima. Nikamwambia nina nusu ya wimbo tu, mbaya, ambayo sijamwimbia mtu.

"Niimbie."

"Ni mbaya kweli, Mwalimu."

"Nimekuonyesha ng'ombe wangu," akasema. "Nionyeshe wako."

Akafumba macho. Brashi ikiwa mkononi, rangi ya bluu inamdondokea gotini, akakaa kimya, nami nikakaa kimya pamoja naye. Misumeno ya karakana ilikuwa imesimama kwa chakula cha mchana. Nikaanza kuimba. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ikapasuka kwenye mstari wa pili, nikaendelea. Nilipofika pale ninapokwama siku zote, mahali wimbo unapokatika bila kwenda popote, nikataka kuacha.

Mwalimu akaingia. Sauti ya pili, chini kidogo ya yangu, hafifu ya uzee lakini imenyooka, katika wimbo ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kumfundisha. Hakujua ninakokwenda, nami sikujua, na mstari ukatokea mbele yetu, tukaukanyaga, na mwingine ukatokea. Nilikuwa nalia na nacheka na kuimba kwa pamoja.

Binti yake akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Mama! Si ulisema zimeondoka?"

Mwalimu, bila kufumbua macho, akamwonyesha kwa brashi mahali pa kukaa, katikati ya miti ya zambarau, na tukaurudia kutoka mwanzo, sasa watatu.